Buibui Aliyefunga Mlango

Panzi alikaa siku tatu mdomoni mwa shimo bila kuguswa, na siku ya nne akaondoka zake. Nange alikuwa amemvunja miguu ya kurukia, kama kawaida, kwa hiyo aliondoka kwa kutambaa, taratibu, hadi kwenye majani ya mnavu nyuma ya jiko. Nange alimtazama akienda, akaliweka chini kopo la maji, akasema, "Haya. Tumeanza."

Kwa miaka ishirini na mmoja yeye ndiye aliyemlisha buibui wa baba yake. Si hawa buibui wa darini wanaofagiliwa na ufagio. Huyu alikuwa wa shimoni, wa rangi ya kahawa iliyoungua, mwenye manyoya, na ukimtandaza anajaza kiganja cha mwanamume. Nyumba nzima ilikula kwa mgongo wake. Bobe Tosam, baba yake Nange, alikuwa mpiga ramli, na watu walipanda mlima kutoka Njinikom, na wengine kutoka Bamenda kabisa, kuja kuuliza nani kaiba mbuzi, mtoto anaumwa nini, safari iende isiende. Mzee alipanga majani makavu yaliyochanjwa alama, hili la mauti, hili la njia, hili la nyumba, akayaweka ndani ya chungu kisicho na kitako kilichosimamishwa juu ya shimo, akafunika, akagonga mara mbili, akatamka swali. Buibui alipanda, akayavuruga majani, na mzee akasoma yalivyovurugika.

Kusoma ilikuwa kazi ya mzee. Panzi, maji, majivu ya kuzuia siafu, kufagia mabawa na vichwa vilivyobaki baada ya mlo, hayo yalikuwa ya Nange. Alianza siku aliyorudi kwao jumla kutoka kwa mume huko Belo, baada ya kumzika mtoto wake wa pili. Alikuwa hali na hasemi. Baba yake hakumpa mawaidha, maana yalikuwa yamekwisha kutolewa na kila mtu na hayakusaidia kitu. Alimpa kopo la maziwa lililojaa udongo, na ndani yake buibui mdogo kama punje ya maharage.

"Huyu akifa sikulaumu," mzee alimwambia. "Lakini mimi macho yangu hayawezi tena vitu vidogo."

Nange akamlisha mchwa mmoja mmoja kwa ncha ya njiti. Alianza kusema naye kabla hajaanza tena kusema na watu. Buibui alipokua, Nange alimhamishia shimoni chini ya kibanda nyuma ya jiko, akampa jina la Mamamkwe, kwa sababu alikuwa mtu wa kushinda ndani siku nzima, kutokeza jioni kukagua, na kutosema asante. Alimpenda buibui yule. Tuseme tu ilivyo. Wapo watakaocheka, na wacha wacheke. Wao wanapenda mbwa wanaoiba mayai.

Miezi miwili kabla ya panzi yule kwenda zake, Bobe Tosam alifariki. Na Wakom, watu wa mlima ule, hawamrithishi mtoto. Wanamrithisha mtoto wa dada. Basi akaitwa Yongabi, fundi redio wa Bamenda, mtoto wa Shangazi Mbong, akavishwa kofia ya marehemu na kukalishwa kigodani. Tangu saa ile yeye ndiye Bobe Tosam, na watoto wa Bobe Tosam ni watoto wake. Nange alikuwa na miaka arobaini na sita. Yongabi alikuwa na thelathini na mitano, na Nange ndiye aliyekuwa akimfuta kamasi.

"Shikamoo, baba," Nange alimwambia asubuhi ya kwanza, uso mkavu.

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Baba hamwiti mwanawe dada. Umekunywa uji, baba?"

Yongabi alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake alikuwa anamwogopa mama yake, na katika hilo hakuwa peke yake mlimani pale. Shangazi Mbong alikuja na mwanawe kumsaidia kutulia, akaleta masanduku manne, na tangu siku aliyofika alikuwa akizunguka nyumba ya jiko ya Nange akipima kwa macho. Ilikuwa nyumba nzuri, ya matofali, isiyovuja.

"Mtoto ni wa upande wa mama yake," alisema akiwa amesimama mlangoni, kana kwamba anaongea na kuku. "Sijui watu wengine wanangoja nini wasiende kwa kina mjomba wao."

Nange aliendelea kusonga ugali. Kina mjomba aliokuwa anaambiwa aende kwao walikuwa wamebaki wajukuu watupu, ambao wangempokea, naam, na kumpa kona ya kulala, na kumuuliza jina lake.

Sasa, mrithi wa mpiga ramli hawi mrithi mpaka buibui amjibu. Siku ilikuwa imepangwa: siku ya soko inayokuja, mbele ya watu, Yongabi atauliza swali lake la kwanza. Na siku mbili baada ya panzi kuondoka, Shangazi Mbong alikwenda kibandani kutafuta yai, akakuta mdomo wa shimo umezibwa. Ulikuwa umezibwa kwa udongo na utando, umesawazishwa kama ukuta uliokandikwa.

"Kafunga mlango!" Sauti yake ilivuka bonde. "Jamani, kafunga mlango! Kamkataa mwanangu!"

Hadi jioni habari ilikuwa imefika sokoni kabla ya soko lenyewe. Buibui wa Tosam kamkataa fundi redio. Wengine wakasema hapana, amemfuata mzee kaburini, na fundi redio amekalia kigoda kitupu. Vijana walipopita njiani waligonga makopo mara mbili na kuuliza kwa sauti kama kuna mtu nyumbani.

Ukweli Nange aliujua, nao ulikuwa mdogo kabisa. Mamamkwe alikuwa anajivua ngozi. Kila mwaka ilikuwa hivyo: anaacha kula, tumbo linang'aa na kuwa jeusi, anaziba shimo, analala chali huko chini miguu juu, mgongo unapasuka, na anajivuta kutoka ndani ya mwili wake wa zamani akiwa laini kama ini. Siku hizo hata sisimizi anaweza kumuua. Bobe Tosam alikuwa na neno lake kwa wateja: "Amesafiri." Wateja walirudi makwao wakiwa na heshima zaidi, maana buibui anayesafiri si buibui wa mchezo. Na alimwapisha Nange asimwambie mtu. Mzee alisema mtu aliyeambiwa ahamishe nyumba au amrudishe mke hapaswi kujua kwamba anayempa amri hiyo huwa analala uchi miguu juu akiomba asiguswe. Siri hiyo ilikuwa ya mwenye kigoda peke yake. Yongabi alikuwa na kigoda, lakini hakuwahi kuja kujifunza, na mzee alikufa ghafla kabla ya kumwita.

"Nitamchimba," Yongabi alisema siku ya tatu. Hakuwa amelala vizuri. Alikuwa fundi redio. Kila kilichonyamaza alitaka kukifungua mgongo. "Kama kafa, tujue. Kama yu hai na hanitaki, nitanunua mwingine huko Oku. Siwezi kuchekwa na watoto, dada."

"Leo jembe haligusi ardhi," Nange akamjibu. Ilikuwa siku ya mapumziko ya wiki, ambayo hata wendawazimu hawalimi. "Au Bamenda mmesahau?"

"Basi kesho."

Usiku ule Nange alipiga hesabu ya maisha yake. Akinyamaza, Mamamkwe atafukuliwa akiwa nusu ndani nusu nje ya ngozi yake, na atakufa. Ataletwa buibui mwingine, na mwingine huyo hatamhitaji yeye. Akisema, Mamamkwe ataishi, lakini Yongabi atakuwa anajua kila kitu ambacho Nange anakijua, na ataweza kumlisha buibui wake mwenyewe, na siku Shangazi Mbong atakapotaka jiko hakutakuwa na sababu ya kumnyima. Siri ile ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho katika nyumba ile ambacho hakikuwa cha urithi wa mtu. Aliigeuza huku na huku. Kila alivyoigeuza, njia moja ilikuwa na buibui aliye hai na nyingine ilikuwa na buibui aliyekufa, na yeye mwenyewe alikuwa nje katika zote mbili.

Asubuhi Yongabi, jembe begani, alimkuta amekaa chini mbele ya kibanda, miguu ameinyoosha, na kibuyu kikubwa mapajani.

"Sogea, dada."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa sitasimama."

"Ndiyo maana nakwambia ukae. Hili ni neno la mwenye kigoda, na mimi siyo mtu wa kukupa, lakini aliyepaswa kukupa amekufa."

Akatoa ndani ya kibuyu ngozi moja, akaiweka juu ya jani la mgomba. Ilikuwa ndogo kama ukucha, na miguu yake yote minane ilikuwepo, myembamba kama nyuzi. Akatoa nyingine. Akatoa nyingine. Alizipanga moja baada ya moja, na kila moja ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia, mpaka ya mwisho ikalala pale upana wa mkono, na manyoya yake, na meno yake mawili meusi, tupu ndani. Yongabi alikuwa amekwisha kukaa.

"Wote hawa walikufa?"

"Ni mmoja. Ni huyu. Hizi ni nguo zake."

Akamweleza. Yongabi alisikiliza jinsi alivyokuwa akisikiliza redio iliyoharibika, kichwa upande mmoja. Nange alipomaliza, yeye aliichukua ngozi ile kubwa kwa vidole viwili, akaitazama mgongoni ambako ilikuwa imepasuka, akaiona jinsi ilivyotoka nzima hata kwenye vidole vya miguu.

"Na mimi nilikuwa nimchimbe," akasema polepole.

"Ulikuwa umchimbe. Hujamchimba."

Jembe lilirudi darini. Siku zilizofuata mrithi wa Bobe Tosam alijifunza kazi kwa kutofanya kitu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Nange alimwonyesha namna ya kumwaga maji pembeni mwa shimo, mbali kidogo, ili udongo upoe bila kumlowesha. Ukiwa mkavu ngozi inamng'ang'ania na anaacha mguu ndani. Alimwonyesha duara la majivu ya kuzuia siafu, na kwamba linawekwa upya kila mvua ikikatika. Walihamisha kinu upande wa pili wa ua ili ardhi isitikisike. Yongabi mwenyewe, bila kuambiwa, alizima redio yake. Jioni walikaa kibandani wote wawili wakitafuna mbegu za kola, wakisikiliza shimo ambalo halikuwa na sauti yoyote.

"Anaumia?" Yongabi aliuliza mara moja.

"Sijui. Mimi ndiye huwa naumia."

Siku ya soko ilifika ikapita. Mlimani walikoma kucheka wakaanza kunong'ona, na hilo ni baya zaidi. Kisha, asubuhi ya siku ya kumi na moja, Shangazi Mbong alikwenda tena kutafuta yai. Mdomo wa shimo ulikuwa wazi, na mbele yake, juu ya udongo, palikuwa na kitu kimelala kimejikunja, chenye miguu minane, kimya.

Akapiga ukemi. Siyo kelele za mtu aliyeona panya. Ukemi wa msiba, ule wa mikono kichwani, ambao ukipigwa mlimani pale hakuna anayeruhusiwa kubaki kwake. Watu waliacha vyungu motoni. Kufumba na kufumbua ua ulijaa, wanawake wakilia kwa adabu bila kujua wanamlilia nani, na mzee mmoja tayari ameshika jogoo.

"Amekufa!" Shangazi Mbong alikuwa amekaa chini. "Buibui wa kaka yangu amekufa! Mwanangu kaua nyumba!"

Nange alifika mbio, mikono imejaa unga. Aliiona ngozi, akaona shimo wazi, na furaha ikampanda. Lakini hakuweza kusema neno. Siri haikuwa yake tena, na pale palikuwa na watu hamsini.

Yongabi alitoka akiwa na kofia kichwani. Aliinama, akaiokota ngozi kwa mikono miwili kama mtu anayepokea zawadi, akaiinua watu waione.

"Mama, nyamaza," akasema. "Nani amekufa? Angalieni vizuri. Hii ni tupu."

Watu wakasogea. Ilikuwa tupu kweli.

"Mnakumbuka mzee alifariki lini? Na mjane wa mlimani hapa akifiwa hufanya nini? Hafungi mlango? Hakai ndani, hali vizuri, haongei na watu? Mlisema amenikataa. Mlisema amekufa. Alikuwa amekaa eda! Ameishi na mzee miaka ishirini na mmoja, mlitaka aje kunijibu mimi kesho yake? Leo ametoka eda, na hizi ni nguo zake za msiba."

Kisha mwanamke mmoja mzee, mjane mwenyewe, akasema "Eeeh," kwa sauti ndefu, akaanza kulia upya, safari hii kwa kweli. Mwenye jogoo aliuliza kama sasa achinje au asichinje. Nange alimtazama binamu yake kwa mshangao. Ulikuwa mdomo wa baba yake kabisa, ule usiosema uongo na usiosema yote.

"Basi muulize sasa hivi!" mtu mmoja akapaza sauti.

Nange alikohoa.

"Anayetoka eda hapelekwi shambani siku hiyohiyo," Yongabi akajibu. "Njooni soko la nne kuanzia leo. Na jogoo huyo achinjwe, ukemi umeshapigwa."

Ujuzi wa maneno haukumfanya awe na subira. Siku ya tatu Nange alimkuta amechuchumaa kibandani na panzi mnene mkononi, mzima, anapiga mateke.

"Weka chini!"

"Ana njaa, dada. Amekonda, hebu muone."

Mamamkwe alikuwa ameketi mdomoni mwa shimo, mpya, wa rangi ambayo Nange kila mwaka alikuwa akiisahau, kama asali ya msitu. Nange alimsogeza Yongabi mkono, akamwinamisha.

"Tazama meno."

Yalikuwa meupe. Meupe na laini, kama ya mtoto.

"Panzi huyo atamuuma yeye. Atamtoboa tumbo. Yakiwa mekundu, bado. Yakiwa meusi, ndipo. Sasa mpe maji na umwache aone jua likipita. Mtu akitoka kwenye shida kubwa, msimlishe kwa nguvu eti kwa kuwa nyinyi mmefurahi."

Yongabi alimwachilia panzi. Hakuuliza Nange amelijua wapi jambo hilo.

Soko la nne lilipofika, meno yalikuwa meusi tii na ua ulikuwa umejaa. Chungu kilikuwa mahali pake. Yongabi alikuwa amechagua majani mawili tu, na Nange, aliyesimama nyuma pamoja na wanawake, aliyatambua kwa mbali: la nyumba na la njia. Shangazi Mbong alikuwa mstari wa mbele, kitenge kipya, macho kwa mwanawe. Mama na mwana walikuwa wamebishana kuhusu jiko tangu juzi, sauti za chini, mlango umefungwa.

"Swali langu la kwanza," Yongabi akaanza, bila kumtazama mtu. "Ni juu ya Nange, mtoto wa nyumba hii. Akitakiwa kubaki, chukua..."

"Baba."

Nange alikuwa ametoka mstarini. Mwanamke haingii kati ya mpiga ramli na chungu, na watu walivuta pumzi, lakini alikuwa ameshafika na mkono wake ulikuwa juu ya kifuniko.

"Usimuulize hilo," akasema. "Amelishwa kwa mkono wangu tangu alipokuwa punje. Akisema nibaki, watasema nimemfunza. Akisema niende, mimi sitaweza tena kumtazama, na sina mwingine wa kumtazama. Muulize mbuzi, muulize mvua. Hili sema wewe. Sema niende nitaenda, lakini nataka kulisikia kwenye mdomo wa mtu."

"Mwanangu, endelea na kazi," Shangazi Mbong akasema.

Yongabi alimtazama mama yake, na jasho lilikuwa limemtoka chini ya kofia. Akaingiza mkono chunguni, akayatoa majani yote mawili, akayatia mfukoni.

"Abaki," akasema. Kisha neno moja likaonekana dogo kwa watu wote wale, akaongeza kwa sauti ambayo hata waliokuwa njiani waliisikia, "Hata mimi nikirudi Bamenda, yeye abaki. Hata nikifa na mwingine akakalia kigoda hiki, mwambieni mimi nilisema abaki."

Inampasa mtu aliyepewa neno kama hilo apige goti na kushukuru, na Nange alijua namna inavyofanywa. Alishindwa. Siku ya mazishi ya baba yake alikuwa amewapikia waombolezaji mia mbili, na hakupata nafasi ya kulia. Basi alilia sasa, amesimama wima mbele ya watu, mkono bado juu ya kifuniko, na hakuna aliyemwambia anyamaze.